Mto Ukihama, Mpaka Unabaki Wapi? Maswali ya Watu wa Sio, Malaba, Lwakhakha na Nzoia

Huku magharibi mwa Kenya, sehemu kubwa ya mpaka wetu na Uganda ni maji yanayotembea. Hakuna ukuta wala seng'enge. Kuna mto, na mto haukai palepale. Mvua za masika zikikolea, maswali huanza barazani, sokoni na hata matangani: shamba la fulani limeliwa, ng'ambo kumeota kisiwa cha mchanga, sasa ni cha nani? Nimeyaweka hapa yale yanayorudi kila mara, pamoja na majibu yake. Utaona nimekaa zaidi kwenye udongo kuliko kwenye sheria. Nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu mpaka tunaupigia kelele sana ilhali udongo unaousukuma mto tunauacha uondoke kila mwaka bila hata kuuaga.

Mpaka wa Kenya na Uganda unapita wapi hasa huku kwetu?

Unatoka Ziwa Victoria. Amri ya serikali ya Uingereza ya mwaka wa 1926 inautaja kisiwa kwa kisiwa: Pyramid, Ilemba, Kiringiti, Mageta, kisha Sumba, halafu mstari ulionyooka hadi katikati ya mdomo wa Mto Sio. Kutoka hapo unapanda katikati ya Sio hadi Sio unapokutana na Mto Sango. Ukiachana na Sango unapita kwa vijito na mistari ya nchi kavu, unaushika Malaba, unapanda nao hadi Lwakhakha, na Lwakhakha unaupeleka Mlima Elgon hadi kilele cha Sudek. Upande wa pili wa mlima unateremka na Suam, mto uleule unaoitwa Turkwel ukishafika chini. Maelezo ya mpaka huo yamo pia katika jedwali la pili la Katiba ya Uganda ya mwaka wa 1995.

Linganisha na mpaka wetu na Tanzania. Ule ulichorwa kwa rula kutoka ziwani hadi karibu na Kilimanjaro. Mstari wa rula unaweza kuwa wa kikatili kwa watu unaowakata, lakini hautembei usiku.

Kwa nini wakoloni walichagua mito?

Kwa sababu ilikuwa kazi rahisi. Mto unaonekana bila kupimwa, unaonyeshwa kwa kidole, na hauhitaji kujengewa nguzo. Isitoshe, mipaka yenyewe ilikuwa ikihamishwa kwa kalamu. Hadi mwaka wa 1902, Kisumu ilikuwa ndani ya Uganda, katika Mkoa wake wa Mashariki. Reli ilipofika ziwani mwaka wa 1901, ilifika Uganda kwa mujibu wa ramani za siku hizo. Mwaka uliofuata mkoa huo ulihamishiwa himaya iliyokuja kuitwa Kenya. Mwaka wa 1926 Mkoa wa Rudolf, kule kaskazini, nao ukahamishwa vivyo hivyo. Walikuwa wakigawa eneo lililokuwa chini ya bendera moja, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kuuliza mto utakuwa wapi baada ya miaka mia moja.

Nchi zetu zilipopata uhuru zilirithi mistari hiyo jinsi ilivyokuwa. Mkutano wa viongozi wa Afrika uliofanyika Cairo mwezi Julai mwaka wa 1964 uliamua kwamba mipaka iliyokuwepo siku ya uhuru iheshimiwe. Hivyo tukarithi pia tabia za mito yenyewe.

Mto unahamaje? Si maji hufuata njia yake tu?

Nenda usimame kwenye kona ya Sio au Nzoia wakati maji yamepungua. Upande wa nje wa kona utaona ukuta wa udongo uliosimama wima, mara nyingi mrefu kuliko mtu, mizizi ya mahindi ikining'inia hewani, na matundu ya ndege wa mdiria waliotoboa ukuta huo ili watage. Chini ya ukuta maji ni ya kina na yana kasi. Sasa tazama ng'ambo, upande wa ndani wa kona. Huko maji ni ya magoti, yanaenda polepole, na mchanga laini umejitandaza taratibu kutoka majini hadi kwenye nyasi. Akina mama hufulia pale, na ng'ombe huteremka kunywa bila kuteleza.

Kazi yote ya mto imo katika picha hiyo. Maji yakifika kwenye kona hukimbilia upande wa nje, huchimba chini ya ukingo, na ukingo hukatika kwa vipande vikubwa, hasa mafuriko yanapopungua, wakati udongo umelowa na kuwa mzito huku maji yaliyokuwa yakiuegemeza yameshuka. Ndiyo maana watu wengi hupoteza mashamba siku jua linapowaka baada ya mvua kubwa, wakidhani hatari imepita. Udongo uliokatika huchukuliwa na kutuliwa upande wa ndani wa kona inayofuata. Mto hula upande mmoja na kujenga mwingine, na kwa njia hiyo kona nzima husogea pembeni na pia kuelekea chini, miaka nenda miaka rudi.

Kasi ya kuhama hutegemea udongo wa ukingo, mimea iliyoushika, ukali wa mafuriko na wingi wa mchanga unaoletwa kutoka juu. Kwenye miamba ya Elgon, Lwakhakha haiwezi kuhama ovyo. Imejichimbia bonde lake. Kadiri unavyoteremka kuelekea ziwani, ardhi inakuwa tambarare, udongo ni ule ambao mto wenyewe uliuleta zamani, na hapo mto una uhuru wa kwenda utakako.

Je, unaweza kuhama kwa usiku mmoja?

Ndiyo, na kwa njia mbili. Ya kwanza: kona inapinda hadi shingo yake inabaki nyembamba, kisha mafuriko yanakuja na kuikata shingo hiyo. Mto unanyooka, na ile kona ya zamani inabaki kando kama dimbwi lenye umbo la mundu, ambalo baada ya miaka hujaa tope na mafunjo. Ya pili ni kali zaidi: mto unapasua ukingo wake, unaacha mkondo mzima na kutafuta njia mpya iliyo chini zaidi bondeni. Mkondo wa zamani unakauka au unabaki kijito.

Tofauti kati ya kuhama polepole na kuhama ghafla iweke akilini. Sheria ya mipaka imeegemea hapo.

Nzoia haupiti mpakani. Kwa nini unautaja?

Kwa sababu unatufundisha kwa sauti kubwa kile ambacho Sio unakifanya kwa sauti ndogo. Nzoia unatoka milima ya Cherangany na Elgon, unasafiri takriban kilomita 257, unakusanya maji ya eneo la karibu kilomita za mraba 12,900, na kuyamwaga ziwani Budalang'i, karibu na Port Victoria, si mbali na mdomo wa Sio. Njiani unachukua udongo wa Trans Nzoia, Bungoma, Kakamega na Siaya, sehemu zinazolimwa hadi ukingoni. Ukifika tambarare ya Bunyala unakosa nguvu ya kuubeba mzigo huo, nao unautua.

Miaka mingi iliyopita yalijengwa matuta pande zote mbili za mto ili kuzuia mafuriko. Yamesaidia, hakuna ubishi. Watu wamelima na kusomesha watoto nyuma ya matuta hayo. Lakini mto usiopewa nafasi ya kutandaza tope lake mashambani hulitua palepale katikati ya matuta, na sakafu yake hupanda. Leo kuna mahali Budalang'i ambapo ukipanda juu ya tuta unaona maji ya mto upande mmoja yakiwa juu kuliko ardhi ya nyumba zilizo upande wa pili. Tuta likipasuka, maji hayarudi mtoni yenyewe, kwa kuwa mto uko juu na vijiji viko chini. Ilitokea tena mwaka wa 2020, na familia nyingi zikahamia kwenye mahema juu ya matuta yaliyosalia, pamoja na mbuzi wao, kuku wao na magunia ya wimbi yaliyookolewa.

Nashikilia kwamba tuta peke yake ni deni. Kila mwaka sakafu ya mto inapopanda, tuta linahitaji kuongezwa kimo, na siku litakapopasuka maumivu yatakuwa makubwa kuliko ya jana.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: mto ukihama, mpaka unahama nao?

Kanuni inayotumika sana katika sheria za kimataifa ni hii. Mto ukihama polepole, kwa kula huku na kujenga kule, mpaka unafuatana nao. Mto ukihama ghafla, kwa kukata shingo au kuacha mkondo, mpaka unabaki ulipokuwa, kwenye mkondo wa zamani, hata kama mkondo huo umekauka na watu wanapanda viazi ndani yake.

Nchi mbili zinaweza kukubaliana vinginevyo. Zinaweza kuandika mkataba kwamba mpaka ni nguzo fulani na fulani, mto uende utakako. Zisipokubaliana, kanuni hiyo ya kale ndiyo hurejelewa.

Tukisema "katikati ya mto", ni katikati ya maji ya kiangazi au ya masika?

Swali hili limefikishwa mbali. Mto mpana wenye kisiwa una mikondo miwili, na kila nchi itavutia kwake. Botswana na Namibia zilishtakiana katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu kisiwa kilicho katika Mto Chobe, kinachoitwa Kasikili upande mmoja na Sedudu upande wa pili. Mkataba wa mwaka wa 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulisema mpaka uko katika mkondo mkuu, bila kueleza ni upi. Mahakama ilipima kina, upana na wingi wa maji, na mwaka wa 1999 ikaamua kwamba mkondo mkuu ni wa kaskazini. Kisiwa kikawa cha Botswana.

Kwa mito yenye meli, mahakama hupenda kufuata mstari wa kina kirefu zaidi, ili kila nchi iweze kupitisha vyombo vyake. Kwa mito kama Sio, ambayo vyombo vyake ni mitumbwi, maandishi yanataja katikati. Kwa hiyo kisiwa cha mchanga kikiota katikati ya Sio, si mali ya aliyetangulia kupanda mboga juu yake, ingawa ndivyo watu hufanya.

Shamba langu liko ukingoni na nina hati. Mto ukiliacha upande wa Uganda, bado ni langu?

Yatenganishe mambo mawili: nchi inayotawala eneo, na mtu anayemiliki shamba. Mahakama za kimataifa zimeeleza zaidi ya mara moja kwamba mpaka unapohamishwa, haki za watu waliokuwa wakiishi hapo zinapaswa kuheshimiwa. Shamba halifutiki kwa sababu bendera imebadilika.

Lakini usilale. Sheria za ardhi za nchi hizi mbili hazifanani, na zote mbili zinamtazama mgeni kwa jicho tofauti. Katiba ya Kenya inamruhusu asiye raia kukodi ardhi kwa muda usiozidi miaka 99, basi. Katiba ya Uganda nayo inamruhusu asiye raia kukodi tu, si kumiliki. Ukijikuta ng'ambo ya mstari, hati yako ya Busia haitasomwa kwa uzito uleule huko.

Vilevile, kipande kilichogeuka kuwa mto chenyewe si shamba tena. Kifungu cha 62 cha Katiba ya Kenya kinaweka mito yote katika ardhi ya umma.

Mambo haya yamewahi kuwatokea wengine?

Mara nyingi, na kisa maarufu zaidi ni cha Rio Grande, mto unaofanya takriban kilomita 2,000 za mpaka wa Marekani na Mexico. Mpaka uliwekwa katikati ya mto kwa mkataba wa mwaka wa 1848. Baadaye mto ukaanza kusogea kusini kati ya miji ya El Paso na Ciudad Juárez, na mafuriko ya mwaka wa 1864 yakausukuma zaidi. Kipande cha Mexico kiitwacho Chamizal kikajikuta upande wa Marekani. Je, mto ulihama polepole au ghafla? Kila nchi ilikuwa na jibu lake. Mwaka wa 1911 waamuzi walisema sehemu yake irudishwe Mexico, Marekani ikakataa. Suala hilo liliendelea kuvuruga uhusiano wao hadi mwaka wa 1963, walipotia saini mkataba wa kuigawa ardhi hiyo. Zaidi ya watu 5,000 waliokuwa wakiishi upande wa El Paso walilazimika kuhama, na mto ukajengewa mfereji wa saruji ili usitembee tena. Kutoka mafuriko yale hadi saini ile ni karibu miaka 100. Watoto walizaliwa, wakazeeka na kufa kabla nchi yao haijajulikana kwa uhakika.

Wengine wamemaliza kwa upole. Ubelgiji na Uholanzi ziliunyoosha Mto Meuse kwa ajili ya meli, na vipande vidogo vya kila nchi vikabaki ng'ambo isiyo yake, mahali ambapo polisi wa nchi husika hawakuweza kufika bila kupita nchi ya jirani. Wakabadilishana: tangu Januari mwaka wa 2018, Ubelgiji ilitoa hekta kama 16 na kupokea kama 3. Hakuna aliyerusha jiwe.

Karibu na sisi, Mto Semliki kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo umekuwa ukila ardhi upande wa Uganda, na malisho ya mifugo yaliyozidi kingoni yamechangia kuulegeza udongo. Mto Songwe kati ya Tanzania na Malawi nao unahamahama kwenye tambarare ya Ziwa Nyasa, na nchi hizo mbili zimeunda tume ya pamoja ambayo miongoni mwa kazi zake ni kuutuliza mkondo. Hatua hiyo naipenda kuliko zote: waliutazama mto kabla hawajatazamana kwa hasira.

Tukifika mahakamani, nani atathibitisha mto ulivyohama?

Mwenye kumbukumbu. El Salvador ilidai mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kwamba Mto Goascorán, mpakani na Honduras, uliwahi kuacha mkondo wake ghafla, na kwamba mpaka ulipaswa kubaki kwenye mkondo wa zamani. Mwaka wa 1992 mahakama haikuridhika na ushahidi. El Salvador ikarudi miaka kumi baadaye ikiwa na ushahidi wa kisayansi na ramani za kale, ikiomba uamuzi upitiwe upya, na mwaka wa 2003 ikakataliwa.

Hilo linatuhusu moja kwa moja. Wazee wa Samia na wa Teso wanaokumbuka Sio na Malaba zilipopita enzi za ujana wao wanapungua. Wakati wa kuwaketisha, kutembea nao ukingoni na kuandika wanachoonyesha ni sasa, wakati hakuna ugomvi, na upande wa Uganda nao uwepo ukisikiliza. Ushahidi unaokusanywa baada ya ngumi kurushwa hauaminiwi na mtu.

Nitajuaje kama mto uliwahi kupita shambani kwangu?

Chimba. Ukikuta mchanga safi na vijiwe vya mviringo chini ya udongo mweusi, mto ulipita hapo. Tazama ardhi asubuhi baada ya mvua: mkondo wa zamani hushika maji, na mahindi yake huwa ya rangi tofauti. Mstari wa mafunjo au mikuyu mikubwa mbali na maji ya leo ni dalili nyingine.

Kisha linganisha na ramani. Idara ya Upimaji wa Ardhi ina ramani za vipimo vya 1:50,000 za sehemu nyingi za nchi. Picha za setilaiti za Landsat zilianza mwaka wa 1972, na tangu mwaka wa 2008 zinapatikana bure; za Sentinel-2, zinazoonyesha vitu vya upana wa mita 10, zilianza mwaka wa 2015. Kijana mwenye simu nzuri na subira anaweza kuuona Nzoia ukijinyonganyonga mwaka baada ya mwaka.

Na mto unaweza kurudi ulikotoka?

Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mkondo wa zamani huwa chini kuliko ardhi inayouzunguka, kwa hiyo mafuriko makubwa huukumbuka upesi. Usijenge ndani yake kwa sababu tu umekuwa mkavu tangu ulipozaliwa.

Ni kweli kwamba maji ya Bungoma huenda njia mbili?

Kweli kabisa, na ni jambo ambalo watoto wetu wangepaswa kulijua kabla ya kukariri mito ya Ulaya. Sio na Nzoia huingia Ziwa Victoria. Malaba haufiki ziwa hilo: unapokea maji ya Malakisi, unageukia magharibi ndani ya Uganda, unaungana na Mpologoma na kuishia Ziwa Kyoga. Matone mawili yaliyoangukia vilima jirani yanaachana, moja linapitia Victoria na Jinja, jingine linakwenda moja kwa moja Kyoga, kisha yanakutana tena ndani ya Mto Nile. Udongo wa shamba la Malakisi unatua kwenye mashamba ya mpunga ya mashariki mwa Uganda. Mpaka haujawahi kuuzuia.

Sisi wa Kisumu hatuna mto wa mpakani. Inatuhusu?

Tambarare ya Kano yote, kutoka chini ya vilima vya Nandi hadi Ghuba ya Winam, imejazwa na tope la mito, na Nyando ndio fundi mkuu. Ndiyo maana Ahero kunafaa mpunga, na ndiyo maana Ahero hufurika. Nenda Nyakach ukaone makorongo ya Katuk Odeyo, ambako ardhi imepasuliwa kwa kina cha kutisha. Udongo uliotoka humo uliteremka kuelekea ziwani. Tofauti yenu na Busia ni kwamba mto wenu ukihama, wanaogombana ni majirani na pengine kaunti, si nchi.

Kuna faida yoyote ya mto kuhama?

Ipo, na tusiisahau. Rutuba ya Bunyala na Kano ni zawadi ya mito isiyotulia. Ziwa Kanyaboli kule Siaya limetengwa na Ziwa Victoria na kinamasi cha Yala, kazi ya tope na mafunjo. Mbuta alipoletwa Ziwa Victoria na samaki wengi wa asili wakatoweka, ngege alisalia Kanyaboli, mahali ambapo mbuta hakufika.

Ziwa likipanda, mdomo wa Sio unakuwa wapi?

Hapo ndipo mstari wa ziwani unapokutana na mstari wa nchi kavu, kwa hiyo si jambo dogo. Mwaka wa 2020 Ziwa Victoria lilipita rekodi yake ya mwaka wa 1964, na fukwe za Sio Port, Port Victoria na hata Dunga kule Kisumu zikazama. Maji yakipanda, mdomo husogea ndani. Yakishuka na tope likajaa, husogea nje. Ninaamini mahali hapa pangepaswa kuwekewa alama za pamoja kabla ya pengine popote.

Na Migingo, kile kisiwa cha ziwani kinachogombaniwa na Kenya na Uganda?

Ni mgogoro wa aina nyingine. Mstari wa ziwani umefungwa kwenye visiwa vilivyotajwa kwa majina, haufuati mkondo wa maji.

Nikivuka mto kwa mtumbwi kwenda kwa shangazi yangu, nimevunja sheria?

Tangu mwaka wa 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa badala ya pasipoti, lakini wapitie kituo rasmi, kama Busia, Malaba, Lwakhakha au Suam. Ng'ambo ya Sio kuna Wasamia kama wa huku, na ng'ambo ya Malaba kuna Wateso vilevile. Watu wanavuka kwa matanga, kwa mahari na kwa soko. Naelewa kwa nini kivuko cha karibu kinashinda kituo kilicho mbali. Hata hivyo, ukishikwa, kitambulisho kisichopitia kituo hakitakutetea sana.

Nimeona mto umeanza kukata ukingo wa shamba langu. Nifanye nini wiki hii?

Kwanza, piga picha ukiwa umesimama kando ya kitu kisichohama, kama mti mkubwa au nguzo ya umeme, kisha pima kwa kamba kutoka hapo hadi ukingoni na uandike tarehe. Rudia kila baada ya mvua kubwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo El Salvador waliikosa.

Pili, rudi nyuma na jembe. Kanuni za maji za mwaka wa 2007 ziliweka eneo la ukingo lisilopungua mita 6 na lisilozidi mita 30 kila upande, kulingana na upana wa mto. Panda mianzi, mabingobingo na miti ya asili. Mikaratusi iache mbali na maji. Usirundike magunia ya mchanga kwenye kona yako peke yako, maana nguvu ya maji utakuwa umemsukumia jirani wa chini, na huyo jirani huenda ni wa Uganda.

Tatu, wakataze wanaochimba mchanga karibu nawe, hata kama ni vijana wa nyumbani. Shimo la mchanga katikati ya mto huvuta mkondo mkuu kuelekea kwake, na mkondo mkuu ukivutwa, ukingo hufuata.

Nne, peleka picha zako kwa jumuiya ya watumiaji maji ya mto wenu na kwa ofisi ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji iliyo karibu. Kama ni Sio, Malaba, Lwakhakha au Suam, mwambie chifu aandike barua pia kwa naibu kamishna wa kaunti, ili ifikishwe kwenye ofisi inayoshughulikia mipaka ya kimataifa Nairobi. Bakiza nakala yenye muhuri nyumbani.